Misuli Inapocheza Yenyewe: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ugonjwa wa Niuroni za Mwendo

Majibu yaliyo hapa yameandikwa kwa ajili ya wagonjwa wa niuroni za mwendo, yaani watu ambao seli za neva zinazoiamuru misuli yao zinakufa kidogo kidogo, na jamaa wanaowauguza nyumbani, hasa walioko Kisumu, Nakuru na kaunti za magharibi mwa Kenya, ambako mtu huweza kusafiri mbali kabla ya kumpata daktari bingwa wa neva. Yanahusu jambo moja, yaani misuli inayocheza bila kuamriwa, na mambo mengine ya ugonjwa huu yanaguswa pale tu yanapohusiana nalo.

Misuli kucheza ni nini hasa?

Ni mnyweo mfupi wa kikundi kidogo cha nyuzi za msuli, unaotokea bila mtu kuuamuru wala kuweza kuuzuia. Ngozi hujiinua na kushuka upesi mahali padogo, hutulia, kisha huanza tena palepale au sehemu nyingine. Kwa kawaida hakuna maumivu, na nguvu yake haitoshi kukisogeza kiungo, isipokuwa vidole, ambavyo huweza kutikisika kidogo kwa kuwa ni vyepesi. Ukitaka kuona vizuri, mketishe mgonjwa akiwa amevua shati na kuilaza mikono yake mapajani, dirisha au taa ikiwa upande mmoja ili mwanga upite juu ya ngozi kwa mshazari. Tazama mabega, sehemu ya juu ya mikono, kifua na mapaja kwa dakika moja au mbili bila kumgusa, kwa sababu kuugonga msuli kunaweza kuuamsha.

Watu huchanganya jambo hili na mengine matatu. Kutetemeka ni pale mkono au kichwa kizima kinaposogea huku na huku kwa mwendo unaojirudia. Mguu unaoruka-ruka mfululizo kwenye kifundo mara tu ncha ya wayo inapokanyaga sakafu ni dalili ya kuathirika kwa niuroni za juu, zile zinazotoka kwenye ubongo, na mara nyingi hutulia ukiukandamiza chini kwa kisigino. Mkakamao nao ni msuli kujikunja wote na kubaki mgumu, na huo huuma sana.

Kwa nini misuli hucheza katika ugonjwa huu?

Kila niuroni ya mwendo iliyo katika uti wa mgongo hutuma uzi mrefu ambao hugawanyika mwishoni na kuendesha nyuzi nyingi za msuli: chache katika misuli ya jicho, elfu moja au zaidi katika shavu la mguu. Niuroni inapougua, uzi huo huwa mwepesi mno kusisimka, kwa kuwa mlango wake wa kuingiza sodiamu hubaki wazi kupita kiasi na ule wa kutoa potasiamu, ambao kazi yake ni kutuliza, hudhoofika. Basi ishara huruka yenyewe, mara nyingi kutoka karibu na mwisho wa uzi huo, na kikundi chote cha nyuzi za msuli hunywea kwa pamoja.

Kuna jambo la pili ambalo si wengi hulieleza. Niuroni moja inapokufa, nyuzi za msuli ilizokuwa ikiziendesha hubaki bila mwenyewe, na niuroni jirani iliyo hai huchipua matawi na kuzichukua, kama vile mama wa nyumba ya pili anavyowachukua watoto wa jirani aliyefariki na kuwalea pamoja na wake. Kikundi cha jirani huyo huwa kikubwa, kwa hiyo kikicheza, mchezo wake huonekana zaidi. Ndiyo maana msuli unaweza kucheza kwa nguvu ilhali mkono bado unafanya kazi yake vizuri.

Misuli yangu inacheza lakini sijapimwa. Je, nina ugonjwa huu?

Uwezekano mkubwa ni kwamba huna. Kope, shavu la mguu na kidole gumba hucheza kwa watu wengi wenye afya njema, hasa baada ya kazi nzito, usiku wa kutolala au kipindi cha wasiwasi. Mwaka 1993 madaktari wa Mayo Clinic huko Marekani walichapisha matokeo ya kuwafuatilia kwa miaka mingi watu 121 ambao misuli yao ilikuwa ikicheza bila dalili nyingine, na hakuna hata mmoja aliyepata ugonjwa wa niuroni za mwendo. Naamini habari hii inapaswa kumfikia kila kijana anayeketi usiku na simu akitafuta maana ya shavu la mguu linalorukaruka, kwa sababu hofu yenyewe huzidisha mchezo wa misuli, na mchezo huzidisha hofu.

Kinachobadilisha hali ni udhaifu na kukonda kwa msuli. Ugonjwa huu hujidhihirisha kwa kushindwa: vidole haviwezi tena kufinyanga tonge la ugali au kuzungusha ufunguo kwenye kufuli, ndara huvuka mguuni bila mwenyewe kujua kwa sababu wayo hauinuki, mkono hauwezi kuanika nguo kwenye kamba, maneno yanaanza kuburuzika. Tazama pia mnofu ulio kati ya kidole gumba na kidole cha shahada upande wa nyuma wa kiganja. Ukibonyea katika mkono mmoja kuliko mwingine, hilo linahitaji daktari, misuli iwe inacheza au haichezi.

Zipo pia sababu nyingine zinazotibika. Tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa kalisiamu au magnesiamu katika damu, neva iliyobanwa shingoni au kiunoni, na baadhi ya dawa, ikiwemo salbutamoli ya pumu, zote zaweza kuchezesha misuli au kuitetemesha. Kwa wakulima, iko sababu moja isiyosubiri miadi. Mtu aliyekuwa akinyunyizia dawa ya wadudu shambani, kisha misuli yake ikaanza kucheza huku mate, machozi na jasho vikimtoka kwa wingi, mboni za macho zikiwa zimesinyaa na kifua kikimbana, huenda amepata sumu na apelekwe hospitali mara moja.

Wazee wanasema jicho likicheza kuna jambo linakuja, na wengine wanataja chira. Niwajibu vipi?

Kuhusu jicho, waachieni wazee mazungumzo yao. Kope hucheza kwa uchovu na hupona yenyewe. Suala la chira ni zito zaidi, kwa kuwa katika jamii ya Waluo kukonda kusikoeleweka kumehusishwa kwa muda mrefu na kuvunjwa kwa miiko, na mgonjwa wa niuroni za mwendo hukonda mbele ya macho ya watu. Zamani familia nyingi zilipoteza miezi zikitafuta tiba ya chira kwa wagonjwa wa ukimwi, na lingekuwa jambo la kusikitisha kurudia hali hiyo. Ninachopendekeza ni kutobishana na mjomba au nyanya mbele ya mgonjwa. Mwombeni mzee huyo aandamane nanyi hospitalini na amsikie daktari mwenyewe; familia ikiwa na haja ya maombi au kikao cha upatanisho, hayo yanaweza kwenda sambamba na matibabu, mradi mgonjwa asipewe vya kunywa visivyojulikana, hasa akiwa ameanza kupaliwa.

Daktari huthibitishaje kwamba kucheza huku kunatokana na ugonjwa wa niuroni za mwendo?

Tangu Jean-Martin Charcot wa Paris alipoueleza ugonjwa huu kwa kina kati ya mwaka 1869 na 1874, utambuzi umeendelea kuanzia kwenye macho na mikono ya daktari. Yeye hutafuta mambo mawili kwa pamoja: dalili za niuroni za chini, zile zinazotoka kwenye uti wa mgongo kwenda kwenye misuli, ambazo ni kukonda, udhaifu na kucheza kwa misuli, na dalili za niuroni za juu, ambazo ni misuli kukaza na goti au kiwiko kuruka kwa nguvu kikigongwa na nyundo ndogo. Kisha huangalia kama hali hiyo inaendelea na kuenea, kwa hiyo usishangae akikwambia urudi baada ya miezi michache.

Kipimo kinachohusika zaidi na swali hili ni kile cha umeme wa misuli, ambacho hutumia sindano nyembamba inayoingizwa katika misuli kadhaa ili kunasa ishara zake. Vigezo vya Awaji, ambavyo madaktari huvitumia kuutambua ugonjwa huu na vilivyochapishwa mwaka 2008, viliupa mchezo wa misuli unaonaswa kwa kipimo hiki uzito mkubwa kuliko uliokuwa nao hapo awali, ila ni lazima uandamane na alama za msuli uliopoteza niuroni zake. Kipimo cha damu, kipimo cha virusi vya ukimwi na picha ya uti wa mgongo huongezwa ili kuondoa magonjwa mengine. Cha ukimwi si cha kudharauliwa, kwani kumeripotiwa wagonjwa wenye virusi hivyo waliopata dalili zinazofanana sana na hizi, na baadhi yao wakapata nafuu walipoanza dawa za kupunguza makali.

Wa Kisumu na kaunti za jirani kwa kawaida huanzia Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile inayoitwa Russia na wenyeji. Wa Nakuru huanzia hospitali ya rufaa ya kaunti, na wengi wa kaskazini mwa Bonde la Ufa na Magharibi hupelekwa Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret. Madaktari bingwa wa neva ni wachache na wengi wako Nairobi. Kipimo cha umeme wa misuli hakifanywi kila mahali, basi piga simu na uulize siku, bei na kiasi ambacho SHA, bima ya afya ya taifa, italipa kabla ya kumpandisha mgonjwa matatu.

Wiki hii misuli inacheza zaidi. Je, ugonjwa umeongeza kasi?

Hili ndilo swali linalowanyima watu usingizi kuliko mengine yote, na jibu lake ni kwamba kiasi cha misuli kucheza si kipimo cha kuaminika cha kasi ya ugonjwa. Mchezo hupanda na kushuka kutoka siku hadi siku kwa sababu ndogo ndogo, kama vile safari ndefu, homa, mabishano ya nyumbani au kukosa usingizi. Unaweza kutokea katika msuli ambao bado una nguvu zake zote. Zaidi ya hayo, mwelekeo wake wa baadaye huwapotosha wengi: msuli uliokuwa ukicheza sana unaweza kunyamaza kwa sababu niuroni zake zimekwisha na hakuna tena kinachoweza kuuamsha. Familia hushangilia utulivu huo ikidhani dawa imefanya kazi, na wiki hiyohiyo mgonjwa anashindwa kuinua kikombe.

Ikiwa mnapenda kuweka kumbukumbu, na nadhani ni vizuri kuziweka, basi acheni kuhesabu mirukoruko na mwandike mambo yanayoonyesha nguvu: kama mgonjwa amevaa shati bila msaada, ametembea hadi chooni, chakula kimemchukua muda gani, uzito wake mwezi huu ni kiasi gani, na ametumia mito mingapi kulala. Daftari la namna hiyo humsaidia daktari katika dakika chache za kliniki kuliko video ya paja linalocheza, ingawa video moja fupi haidhuru kama misuli hutulia kila mnapofika hospitalini.

Kasi ya ugonjwa hutofautiana sana. Wengi huishi miaka miwili hadi mitano tangu dalili za kwanza, na takriban mmoja kati ya kumi huishi zaidi ya miaka kumi. Stephen Hawking, mwanafizikia wa Uingereza, aligunduliwa kuwa na ugonjwa huu mwaka 1963 akiwa na umri wa miaka 21 na akafariki mwaka 2018, lakini mfano wake ni wa nadra mno na haufai kutumiwa kumwahidi mgonjwa yeyote.

Kuna dawa ya kuizuia misuli isicheze?

Hakuna dawa iliyothibitishwa kwa ajili ya mchezo huo peke yake, na mara nyingi hauhitaji dawa kwa kuwa hauumi wala hauharibu msuli. Riluzoli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, hupunguza kidogo kasi ya ugonjwa na katika majaribio iliongeza maisha kwa miezi michache; humezwa miligramu 50 mara mbili kwa siku, na ini hupimwa mara kwa mara. Haikutengenezwa ili kutuliza misuli inayocheza, kwa hiyo mgonjwa asiiache eti kwa sababu bado inacheza.

Vidonge vya magnesiamu na virutubisho vinavyouzwa kwa bei kubwa mitandaoni havina ushahidi thabiti kwamba hutuliza mchezo wa misuli katika ugonjwa huu. Mwenye figo dhaifu anaweza hata kudhurika kwa magnesiamu nyingi. Fedha hizo, nionavyo, zina kazi bora: mayai, maziwa, parachichi na omena, maana kupungua uzito kunamdhuru mgonjwa huyu waziwazi.

Ni mambo gani huzidisha?

Uchovu ndio wa kwanza, ukifuatwa na wasiwasi na kukosa usingizi. Wengine huona tofauti wakipunguza kahawa na chai ya rangi iliyokolea, hasa jioni, na hawahitaji kuacha kabisa. Jaribuni kwa wiki mbili na mwone. Miraa na muguka huamsha mwili na kufukuza usingizi, kwa hiyo havimfai mgonjwa huyu. Baridi huifanya misuli ikaze na huleta mkakamao, jambo ambalo watu wa Molo na Njoro wanalijua zaidi kuliko wa Kisumu, na soksi nzito pamoja na blanketi lililopashwa joto husaidia. Asiye na hisia nzuri au asiyeweza kusogea asiwekewe chupa ya maji ya moto moja kwa moja kwenye ngozi.

Mgonjwa wetu hupatwa na mkakamao usiku hadi analia. Tufanye nini?

Nyoosheni msuli uliojikunja, polepole na bila kuachia. Kama ni shavu la mguu, mmoja ashike kisigino kwa mkono mmoja, goti likiwa limenyooka, na kwa mkono mwingine ausukume wayo kutoka chini ya vidole kuelekea kwenye goti, akishikilia hapo mpaka ugumu ulegee chini ya kiganja chake. Kuvuta kwa ghafla huongeza maumivu. Kunyoosha vivyo hivyo kila jioni kabla ya kulala hupunguza matukio ya usiku. Angalieni pia blanketi zito lisiukandamize wayo ukaelekea chini usiku kucha.

Mkakamao ukizidi, zipo dawa. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza wa mwaka 2016 unataja kwinini kuwa ya kwanza kufikiriwa kwa wagonjwa wa niuroni za mwendo, kisha baklofeni, na zisipofaa, tizanidini, dantroleni au gabapentini. Hapa kwetu tahadhari ni muhimu, kwa sababu kwinini ni dawa ambayo wengi waliimeza kwa ajili ya malaria na wanaiona kuwa ya kawaida. Inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, kushusha sukari na chembe za kugandisha damu, na kuleta mvumo masikioni, na mamlaka ya dawa ya Marekani imeonya dhidi ya kuitumia kwa mkakamao wa kawaida wa miguu. Isinunuliwe dukani bila daktari anayejua historia ya moyo wa mgonjwa. Baklofeni nayo hulegeza misuli, hivyo mtu ambaye ukakamavu wa miguu ndio unaomsaidia kusimama anaweza kuanguka akiongezewa dozi haraka, na haifai kuachwa ghafla.

Kukandwa na kufanya mazoezi ni salama?

Ndiyo, kwa kiasi. Kukanda kwa mafuta kwa mkono mwepesi humtuliza mgonjwa hata kama misuli huendelea kucheza. Mazoezi yawe yale ambayo uchovu wake unaisha mgonjwa akipumzika. Akiamka kesho akiwa dhaifu zaidi, jana alizidisha. Bega lililolegea lisivutwe kwa kumwinua mtu kwa mkono, kosa ambalo hufanywa kwa nia njema kila anaposaidiwa kushuka kwenye bodaboda.

Ulimi wake unacheza. Hilo ni baya zaidi?

Kwanza hakikisheni mmeutazama ipasavyo. Ulimi ulionyooshwa nje hutikisika hata kwa mtu mwenye afya njema kabisa, kwa hiyo daktari huutazama ukiwa umelala ndani ya kinywa kilichofunguliwa. Ulimi unaocheza hapo, uliopungua unene na wenye mikunjo pembeni, huonyesha kwamba niuroni za shina la ubongo zimeguswa, na hapo la kufuatilia ni kumeza na kuzungumza. Maji na chai huanza kumpalia mgonjwa mapema kuliko ugali, kwa kuwa vitu vyepesi hukimbia kooni. Uji mzito kiasi, kuketi wima na kuinamisha kidevu kidogo wakati wa kumeza husaidia mpaka mtaalamu wa kumeza na lishe amwone.

Inaambukiza? Watoto wetu watarithi?

Haiambukizi kwa kikombe, kitanda wala jasho. Takriban asilimia 5 hadi 10 ya wagonjwa wana ndugu wa damu aliyewahi kuugua, waliobaki hawana. Mtoto wa mgonjwa ambaye kope lake linacheza kabla ya mtihani ana kope linalocheza, basi.

Ni lini turudi hospitalini bila kungoja miadi?

Kucheza kwa misuli peke yake si sababu ya kukimbia. Rudini mapema mgonjwa akianza kupumua kwa shida akilala chali, akiongeza mito kila wiki, akiamka na maumivu ya kichwa na akili iliyochanganyikiwa, akisinzia mchana kutwa, au sauti ya kikohozi chake ikififia, kwa sababu hizo ni dalili kwamba misuli ya kupumua inachoka. Mwambieni anayempokea kwamba ana ugonjwa wa niuroni za mwendo kabla hajawekewa oksijeni, kwani shida hapo huwa ni kusukuma hewa ndani na nje, na oksijeni ikitolewa bila mashine ya kusaidia kupumua na bila uangalizi inaweza kuacha kabonidioksidi ijilimbikize. Rudini pia akipaliwa kila mlo, akipata homa pamoja na kohozi, au akianguka. Andikeni jina la ugonjwa, dawa anazotumia na nambari ya simu ya daktari wake kwenye karatasi moja, mkaibandike ndani ya kifuniko cha daftari lake la kliniki, ili hata jirani atakayemsindikiza usiku aweze kuionyesha.